Msamaha wa Kodi kwa Wajenzi wa Maghorofa: Nani Analipa?

Mwaka 2014, nyumba ya kifahari kwenye ghorofa za juu za jengo la One57, New York, iliuzwa kwa dola milioni 100.5. Aliyeinunua alipata pia punguzo kubwa la kodi ya majengo, kwa kuwa mradi huo ulikuwa chini ya mpango wa msamaha uitwao 421-a. Ofisi huru ya bajeti ya jiji ilipiga hesabu ikakuta kuwa msamaha wa jengo hilo ulithaminiwa dola milioni 65.6, na kilichopatikana badala yake ni nyumba 66 za bei nafuu huko Bronx. Kama fedha hizo zingetolewa moja kwa moja kuwa ruzuku, zingewezesha karibu nyumba 370.

Mpango huo haukuanza kwa nia mbaya. Mwaka 1971 New York ilikuwa ikikimbiwa na wakazi, na ujenzi ulikuwa umedorora. Kumvutia mjenzi kulikuwa na maana. Lakini watu walirudi, viwanja vikapanda bei, na msamaha ukaendelea hadi Juni 2022, mwishoni ukiligharimu jiji zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Wajenzi husema bila nafuu hesabu za majengo ya kupangisha hazilipi. Sidhani wanadanganya. Katika jiji hilo maghorofa ya wapangaji hubeba mzigo wa kodi mzito kuliko nyumba za familia moja, na mzigo huo hatimaye humfikia mpangaji. Basi hapo ndipo pa kurekebisha. Ukiacha kodi yenyewe imepinda na kumpa nafuu mjenzi mpya peke yake, mpangaji wa jengo la zamani anabaki vilevile. Isitoshe, mwenye kiwanja naye anaijua nafuu hiyo; anapandisha bei ya ardhi, na sehemu ya fedha ya umma inaishia kwake, mtu ambaye hajajenga hata ukuta mmoja.

Mwaka 2024 ulikuja mpango mpya, 485-x. Umeweka kima cha chini cha ujira wa dola 40 kwa saa kwa mafundi wa majengo yenye nyumba 100 au zaidi. Tangu hapo imeonekana michoro mingi ya majengo yenye nyumba 99, hata kwenye viwanja vinavyoweza kubeba zaidi. Jiji lenye uhaba wa nyumba linajengewa pungufu, na fundi anakosa ujira uliokusudiwa.

Kenya nayo ilishusha kodi ya mapato hadi asilimia 15, badala ya 30, kwa kampuni inayojenga angalau nyumba 100 za kuishi kwa mwaka. Kigezo kilichowekwa ni idadi. Pango litakuwa kiasi gani, na mwenye kipato kipi ataweza kuingia, kigezo hicho hakikugusa. Tangu sheria ya nyumba ya Machi 2024, mfanyakazi wa nchi hiyo hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi kwa ajili ya nyumba, na makato hayo anayaona kila mwisho wa mwezi. Anachosamehewa mjenzi hakionekani popote kwenye hati ya mshahara ya mfanyakazi huyo.

Kila msamaha wa namna hii ungepaswa kupigiwa kura katika bajeti ya kila mwaka, jengo kwa jengo: fedha zilizoachwa, nyumba zilizopatikana, na pango linalotozwa humo.