Asa na Mwonaji Aliyefungwa



Daudi na Sulemani wamehubiriwa sana, na Sauli vilevile. Asa, mfalme wa Yuda, hupitwa mbiombio na wengi wetu tunapofuata ratiba ya kuimaliza Biblia kwa mwaka. Tumemchagua afungue toleo hili la uongozi wa kanisa kwa sababu moja: alikuwa mfalme mwema. Makosa ya mfalme mbaya tunayatambua mara moja. Ya mtu mwema huwa tunayapigia vigelegele.

Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 14 hadi ya 16, kinampa Asa sifa ambazo wafalme wachache wa Yuda walizipata. Aliondoa madhabahu za kigeni na kuzivunja nguzo zake. Zera Mkushi alipomjia hadi Maresha na jeshi kubwa mno na magari 300, Asa alimlilia Mungu kwanza, akakiri kwamba hana nguvu, kisha akapigana na kushinda. Mwaka wa 15 wa utawala wake aliwakusanya watu Yerusalemu, wakachinja ng'ombe 700 na kondoo 7,000, wakaapa kumtafuta Bwana kwa moyo wote. Hata bibi yake Maaka alimvua cheo cha mama wa mfalme kwa ajili ya sanamu ya Ashera, na sanamu yenyewe akaiteketeza penye kijito cha Kidroni. Sisi ambao kumkosoa bibi ni jambo zito hata tukiwa wawili tu nyumbani, tunaelewa ujasiri uliohitajika. Asa hakushindwa kumkemea mtu.

Kisha Baasha, mfalme wa Israeli, akaanza kujenga ngome huko Rama, kilomita zipatazo 8 tu kaskazini ya Yerusalemu, kwenye njia kuu, ili mtu asiingie wala asitoke kwa Asa. Hatari ilikuwa ya kweli, na hatupaswi kumhukumu mfalme kana kwamba alijitungia. Alifungua hazina ya nyumba ya Bwana na ya jumba lake, akatoa fedha na dhahabu, akampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu aliyekaa Dameski, ili avunje maagano yake na Baasha. Sura moja tu kabla ya hapo tunasoma kwamba Asa mwenyewe aliingiza katika nyumba ya Mungu fedha na dhahabu alizoziweka wakfu yeye na baba yake. Sasa anaichota hazina ileile kwa mkono uleule.

Na mpango ulifaulu. Ben-hadadi aliipiga miji ya kaskazini, Baasha akaiacha Rama, watu wa Yuda wakayabeba mawe na miti ya ujenzi wake, na Asa akavijengea Geba na Mispa. Katika kikao chochote cha tathmini mfalme angepigiwa makofi. (Shimo alilolichimba Mispa kwa kumwogopa Baasha linatajwa tena katika Yeremia sura ya 41, karne kama tatu baadaye, Ishmaeli mwana wa Nethania alipolijaza maiti za watu aliowaua. Jambo hilo limenifikirisha sana: kazi za hofu zetu hudumu kuliko sisi.)

Wakati huo wa ushindi ndipo Hanani mwonaji alipomjia mfalme. Tazama alivyofanya kazi yake. Alikwenda kwa Asa mwenyewe. Alimkumbusha vita vya Wakushi, siku ambayo Asa hakuwa na wa kumtegemea ila Mungu, akamwambia wazi kwamba safari hii ametenda kwa upumbavu na kwamba vita vitamwandama. Mfalme akawaka hasira, akamtia katika nyumba ya mkatale, miguu ikabanwa. Mwandishi anaongeza kwamba wakati uleule Asa aliwatesa baadhi ya watu. Hawatajwi majina, lakini si vigumu kukisia: anayemfunga anayesema kweli, kesho atawashughulikia waliomsikiliza.

Mwaka wa 39 wa utawala wake Asa aliugua miguu, ugonjwa ukamzidi, naye hakumtafuta Bwana bali waganga. Wapo wahubiri wanaosema aliugua miguu kwa sababu aliibana miguu ya nabii. Maandiko hayasemi hivyo, nasi hatutayasemea. Wapo pia wanaoutumia mstari huu kuwazuia wagonjwa kwenda hospitali, na hao wanafanya madhara makubwa. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, na Luka alikuwa tabibu aliyependwa na Paulo. Kosa la Asa halikuwa dawa. Nyakati zile mfalme aliyetaka kumwuliza Bwana alimwita nabii au mwonaji. Asa alikuwa amemfunga. Angemwuliza nani?

Hapa ndipo maisha ya Asa yanapotugusa. Tunao watumishi walioanza na watu wanane chini ya mwembe na leo wanaongoza makanisa yenye maelfu. Mungu amewatumia kweli, na hatuna nia ya kulipunguza hilo. Lakini muumini akiuliza hesabu za harambee, anajibiwa kwa historia: nani alileta bati la kwanza, nani alifunga na kuomba wakati wengine wamelala. Ushindi wa Maresha unageuzwa kuwa ngao. Na mikatale ya siku hizi haina gogo. Mwinjilisti anahamishiwa mtaa wa mbali katikati ya muhula, watoto wakiwa shuleni. Mhazini haitwi tena kwenye kikao. Mwanakwaya anaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na Jumapili hakuna anayemwuliza kulikoni.

Anayehoji hukumbushwa kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Neno hilo tunalijua kwa Daudi, aliyekataa kumdhuru Sauli pangoni En-gedi. Ila tusome na yaliyofuata. Daudi alitoka pangoni, akapaza sauti, akauinua upindo wa vazi la Sauli alioukata, na kumweleza mfalme dhuluma yake mbele ya watu. Hakumnyoshea mkono, wala hakunyamaza. Wanaowanyamazisha waumini kwa jina la Daudi wamesoma nusu ya sura.

Kwa hiyo makala za toleo hili zimewekewa swali ambalo ningependa kila baraza la wazee liliulize kabla ya kumpigia mtu kura: aliyewahi kumkosoa mtu huyu, yuko wapi leo?

Asa alizikwa kwa heshima, kitandani pamejaa manukato, na watu wakamfanyia mafukizo makubwa sana. Kitabu hakisemi kama Hanani alifunguliwa. Kinatuambia habari za watoto wao. Yehoshafati mwana wa Asa aliporudi kutoka vitani pamoja na Ahabu, alilakiwa na Yehu mwana wa Hanani, mtoto wa yule mfungwa, akakemewa usoni kwa kushirikiana na waovu. Yehoshafati alikuwa na mfano wa baba yake, aliyemfunga mwonaji. Hakuufuata. Alitoka akawazungukia watu kutoka Beer-sheba hadi milima ya Efraimu, akaweka waamuzi mji kwa mji na kuwaonya wasipokee rushwa. Baadaye alikosea tena, akaunda merikebu kwa ubia na Ahazia wa Israeli. Eliezeri mwana wa Dodavahu akamkemea, na merikebu zikavunjika Esion-geberi. Kitabu cha Wafalme kinasema kwamba Ahazia alimwomba watumishi wao wasafiri pamoja, na Yehoshafati akakataa.