Viboksi vya kijani havimwajiri mtu

Wadau, kila wiki kuna mjuaji anawaambia vijana waliotoka kozi za kompyuta pale Ngong Road: bila LinkedIn na GitHub hupati kazi. Mimi nakataa. Wa kunitukana karibuni.

Hebu niambieni, mifumo inayotembeza pesa za benki hapa tao iliandikwa na nani? Na watu ambao msimbo wao huwezi kuuona popote, maana mkataba unawakataza kuutoa nje. Fungua GitHub zao, ni jangwa. Ukiwapima kwa vile viboksi vya kijani utasema ni wavivu, kisha umwajiri anayenakili mazoezi ya YouTube. Na hivyo viboksi vyenyewe ni kazi rahisi: Git inakuruhusu kuandika tarehe yoyote unayotaka. Mtu anaweza kupaka mwaka mzima kijani jioni moja, na chai haijapoa.

LinkedIn nayo wacha tu. Kila mtu huko "amefurahi kutangaza." Na mjue zote mbili ni za Microsoft, LinkedIn tangu 2016, GitHub tangu 2018. Mjuaji anakwambia ujiuze kila mahali, kumbe anakutuma duka moja.

Sasa, yule kijana wa Kangemi asiye na mjomba Westlands? Huyo kweli anahitaji pa kuonyesha kazi yake, siwezi kubisha. Lakini aonyeshe kazi. Ushahidi ilijengwa Januari 2008, nchi ikiwaka, msimbo wake ukawekwa wazi, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Iliwafaa watu wa huko kwa sababu inafanya kazi, basi.

Buda, jenga kitu kimoja. Unganisha duka la simu la Luthuli na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom, halafu andika ulivyofanya pale majibu ya malipo yalipochelewa na mteja akataka kulipa mara ya pili. Hicho kimoja kinanitosha kuliko miradi arobaini ya kunakili.

Na wewe mwajiri wa Waiyaki Way, kusoma huo msimbo dakika ishirini kunakugharimu nini? Umeweka tangazo la kazi ya mwanagenzi, unataka uzoefu wa miaka mitatu, na bado unahesabu viboksi.