Muflisi Asinyang'anywe Usukani

Gari lililowekwa rehani nchini Kenya ni la nani? Muulize mkopeshaji siku ya ajali: atasema jina lake limo kwenye logibuku kama dhamana tu, mwenye gari ni dereva. Muulize tena siku malipo ya mwezi yamechelewa. Dalali atafika alfajiri, gari litakokotwa, na dereva ataambiwa hana lake pale. Dhuluma hii ina baraka za sheria, na hilo ndilo linalonichoma.

Fanya hesabu nami. Tuseme dereva wa teksi amekopa shilingi 300,000 kwa kuweka rehani gari lake mwenyewe, riba asilimia 5 kila mwezi, tena inapigwa juu ya mkopo wote, si juu ya salio. Kwa mwaka riba ni 180,000; ukijumlisha na mkopo wenyewe na kugawa kwa miezi kumi na miwili, kila mwezi anatoa 40,000. Akifikisha miezi kumi ameshalipa 400,000, laki nzima zaidi ya alichopokea. Mwezi wa kumi na moja mtoto akalazwa, malipo yakakwama. Gari linabebwa, na juu ya salio anabandikwa ada ya dalali na ya yadi. Linanadiwa. Bei ya mnada isipofika, pengo linabaki deni lake, na chombo cha kulilipia kimeshakwenda.

Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 inamruhusu mkopeshaji kutwaa mali bila kupitia mahakamani, mradi mkopaji alikubali kwenye mkataba. Alikubali! Mtu ambaye maiti ya mzazi wake inazuiliwa mochari kwa sababu ya bili, atakataa kifungu gani?

Anashauriwa akimbilie Sheria ya Ufilisi ya 2015. Nimeisoma. Mtu akitangazwa muflisi, wadai wa kawaida wanazuiwa kumwandama, lakini mwenye dhamana anabaki huru kulichukua gari na kuliuza. Kinga inamfikia dereva baada ya mnada, kwa lile pengo tu. Wenye madeni madogo wamewekewa utaratibu wa wasio na mali, kwa deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, na sharti ni kwamba usiwe na kitu cha kuuzwa. Yaani mtu avuliwe nguo kwanza ndipo afunikwe. Kwa mwenye duka lililokwisha kufungwa, labda utaratibu huo unafaa. Mwenye bodaboda anaambiwa asubiri hadi pikipiki inayowalisha wanawe iondoke uani.

Bunge lirekebishe sheria zote mbili. Gari, tuktuk au pikipiki ya kazi isishikwe bila amri ya hakimu aliyezisikiliza pande zote. Aliyeomba ufilisi aachiwe chombo chake, alipe thamani yake ya leo kidogo kidogo chini ya msimamizi, na riba isimame siku ileile. Ada za yadi ziwekewe kikomo, maana zinaongezeka kila kukicha huku gari likiwa mikononi mwa yuleyule anayezitoza.

Wakopeshaji watalia kwamba mikopo itakauka. Marekani, nchi ambayo hakuna anayeweza kuishuku kwamba inachukia biashara, Sura ya 13 ya sheria yake ya ufilisi inampa mwenye kipato nafasi ya kubaki na gari, akilipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, na mdai haruhusiwi kulikokota mpango ukiwa unafuatwa. Mikopo ya magari huko haijakauka. Na kama yupo mkopeshaji Nairobi au Mombasa ambaye hawezi kuishi ila kwa kubeba magari ya watu alfajiri bila hakimu kujua, basi biashara hiyo na ife.