Dereva Aulizwe Kwanza

Land Rover kuukuu ya idara, ikielekea Musoma kutoka Mwanza, huweza kuanza kuvuma ikishapita Magu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha ni kufuja mali ya umma.

Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na injini, injini ichunguzwe. Usipogeuka gia ibadilishwapo kwa mwendo ule ule, yatazamwe magurudumu, shafti na difu. Ukigeuka lami igeukapo, ni matairi. Ukizidi gari likatapo kushoto, ishukiwe beringi ya kulia, iliyolemewa na uzito. Ikivunjika, gurudumu huweza kung'oka na roho za watu zikapotea.

Aliyeyasikia hayo ni dereva. Hatuna budi kumwuliza yeye kwanza, ndipo fundi ashike spana.