Usilaumu mbegu, chunguza udongo wa ndoo yako

Kina mama wengi wanaoishi katika nyumba za ghorofa mijini wamepanga ndoo, makarai na magunia kwenye roshani ili wapate sukuma wiki, spinachi na dania bila kukimbilia sokoni kila jioni. Hilo ni jambo jema. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, hata serikali ilizindua mpango wa kuanzisha bustani milioni moja za jikoni kote nchini.

Hata hivyo, bustani nyingi za ndoo hufa kabla ya kuchumwa mara ya pili. Mwenyewe husema mbegu zilikuwa mbovu, au kwamba hana mkono wa kupanda, na ndoo hurudi kufulia nguo. Pesa zimepotea bure, nao watoto wanaendelea kula mboga ambazo hakuna ajuaye zilinyunyiziwa maji gani.

Mara nyingi mbegu haina hatia. Tatizo ni udongo. Udongo uliochotwa shambani ni mzuri ukiwa huko huko shambani, ambako kuna minyoo ya kuulegeza na ardhi yenye kina ya kumeza maji. Ukiutia kwenye ndoo na kuumwagia maji kila siku, hushikana na kuwa kama tofali. Nafasi ndogo ndogo za hewa huzibika, na mizizi hukosa pumzi. Majani huanza kuwa ya manjano na kulegea. Mwenye ndoo huona kwamba mmea una kiu, akauongezea maji, na hapo ndipo anapoumaliza kabisa. Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi na Athi River, wanalijua vyema jambo hili.

Kwa sababu hiyo, wenye vitalu vya miche hawatumii udongo mtupu. Wengi wao hutumia peti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasini yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Peti ni nyepesi, hushika maji kama sifongo na bado huachia hewa nafasi. Walakini ina kasoro zake. Nyingi ya hiyo inayouzwa katika maduka ya kilimo huagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake si ya mchezo. Isitoshe, vinamasi vya peti ni ghala la kaboni. Mwaka 2017 wanasayansi walieleza kuwa vile vya bonde la Kongo pekee vimehifadhi takriban tani bilioni 30. Peti ikichimbwa na kukauka, kaboni hiyo hupanda hewani na kuzidisha joto duniani.

Kwa bahati nzuri, sisi tuna Pwani. Vumbi linalobaki makumbi ya nazi yanapochambuliwa hufanya kazi karibu sawa na peti. Huuzwa likiwa limeshindiliwa mfano wa tofali. Tofali la kilo 5 likilowekwa hufura na kutoa zaidi ya lita 60, kiasi cha kutosha ndoo kadhaa. Ukilipata kwa jirani aliyetoka Kilifi au Kwale likiwa halijaoshwa, lioshe mara mbili tatu kwa maji safi, kwa kuwa makumbi huweza kuwa na chumvi inayounguza mizizi.

Sasa chukua kopo la gorogoro tuchanganye udongo wa ndoo moja ya lita 20. Pima gorogoro 4 za vumbi la makumbi au peti, gorogoro 3 za mboji iliyochekechwa, na gorogoro 1 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Usitumie mchanga wa baharini. Badala ya mchanga waweza kutia kumvi za mpunga zilizochomwa hadi zikawa nyeusi bila kugeuka jivu. Wanaoishi karibu na Mwea hawatakosa kumvi.

Ikiwa umetumia peti, ongeza vijiko viwili vikubwa vya chokaa ya kilimo, kwa maana peti ina uchachu ambao mboga haziupendi. Vumbi la makumbi halihitaji chokaa. Vile vile, peti iliyokauka sana hukataa maji. Inyunyizie maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukigeuza, kama mtu akandaye unga wa chapati.

Mboji ndiyo chakula chenyewe, kwa hivyo usiifanyie haraka. Mboji iliyoiva ni nyeusi, haina joto ukiingiza mkono, hunuka kama ardhi baada ya mvua, na huwezi kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi lilikuwa jani. Ikiwa bado inakereketa pua, ngoja. Kinyesi kibichi cha kuku huunguza mizizi. Kichanganye na majani makavu na ukiache kioze vizuri kwa muda wa miezi mitatu au zaidi.

Baada ya kuchanganya, kamata udongo kiasi na uubane ngumini. Ukifungua mkono, bonge linapaswa kubaki limeshikana, kisha livunjike ukiligusa kwa kidole. Likichuruza maji, ongeza mchanga au kumvi. Lisiposhikana kabisa, ongeza maji kidogo.

Toboa matundu matano au sita chini ya ndoo, kila moja upana wa kidole cha mwisho. Watu wengi huweka kokoto chini wakidhani zitasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji husimama juu ya kokoto hizo, na mizizi inapunguziwa nafasi bure. Jaza udongo tangu chini, ila bakisha nafasi ya vidole viwili juu ili maji yasimwagike unaponyunyizia. Ndoo hiyo yatosha miche miwili ya sukuma wiki.

Je, asiye na uwezo wa kununua peti wala makumbi afanyeje? Achanganye gorogoro 3 za udongo mwekundu, 3 za mboji na 2 za mchanga au kumvi. Utakuwa mzito zaidi, lakini mboga zitamea. La muhimu ni kujua udongo huo umetoka wapi. Usichote kando ya barabara kuu, penye gereji, wala palipowahi kuvunjwa betri. Kisa cha Owino Uhuru huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisababisha watu wazima na watoto kupatwa na sumu ya risasi, chatosha kuwa onyo.

Kumbuka pia kwamba kila unaponyunyizia, maji huondoka na chakula cha mmea kupitia matundu. Kila baada ya wiki mbili rudishia gilasi moja ya maji yaliyolowekwa samadi iliyooza na kuzimuliwa hadi yawe na rangi ya chai ya rangi. Na ukimaliza kuvuna, usiutupe udongo. Toa mizizi, ongeza mboji mpya kiasi cha thuluthi moja, kisha upande mboga ya aina nyingine.

Basi Jumapili ya leo, kabla hujanunua pakiti nyingine ya mbegu, chukua konzi moja ya udongo ulio katika ndoo yako na uibane ngumini. Jibu utalipata humo.