Rangi ya Mdomo na Jicho la Sungura

Katika baadhi ya jumuiya zetu suala la vipodozi humalizwa kwa sentensi moja: mwanamke mcha Mungu hajipambi. Sikubaliani. Bibi arusi anayepaka wanja siku ya ndoa yake hajamkosea Mungu. Swali zito ni jingine: nani ameumia ili kipodozi kile kifike dukani?

Mwaka 1944, nchini Marekani, John Draize na wenzake walieleza namna ya kupima ukali wa kemikali: unaitia katika jicho la sungura aliye hai, kisha unalitazama kwa siku kadhaa likiwa jekundu, likivimba, pengine likipofuka. Tusiwahukumu haraka. Miaka ya 1930, hukohuko Marekani, wanawake walidhurika macho kwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, hata mmoja akafariki. Ilibidi kinga itafutwe. Lakini leo zipo njia nyingine, kama seli za ngozi zinazokuzwa maabara, na tangu Machi 2013 Umoja wa Ulaya umekataza kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Lipstiki hazijaadimika Paris.

Katekisimu (2417) inakubali majaribio ya kitabibu na ya kisayansi juu ya wanyama, yakiwa na mipaka na yakisaidia kutunza au kuokoa uhai wa watu. Namba inayofuata inasema kuwatesa pasipo haja ni kinyume cha hadhi ya binadamu, na Baba Mtakatifu Fransisko aliyarudia hayo katika Laudato Si'. Chanjo inaweza kujitetea hapo. Rangi mpya ya kope itajitetea kwa lipi?

Wengi wakifika hapa hukimbilia neno “asilia”. Polepole! Wanja wa kusagwa kutoka kwenye jiwe unaweza kuwa na madini ya risasi. Piko nyeusi ya harusi za Pwani mara nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali ya jamii ileile iliyowadhuru wanawake wa Lash Lure, na imewaachia baadhi ya watu malengelenge na makovu. Nayo nembo ya sungura anayeruka inasema habari za wanyama tu. Haituambii lolote kuhusu watoto wanaookota ulanga katika machimbo ya Jharkhand, India, madini yanayoipa poda mng'ao wake. (Sungura ana nembo, mtoto bado.)

Mafrateri mnaokwenda vigangoni, msimwaibishe mama mwenye kopo moja la mafuta ya bei nafuu asiyejua lilijaribiwa wapi. Anzeni na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, kwa maana hizo zinaharibu figo zake mwenyewe. WAWATA wanaweza kutenga nusu saa baada ya sala ya jumuiya, kila mmoja aje na kopo lake, wasome pamoja maandishi yale madogo ya nyuma. Lisilo na maandishi yoyote lisirudi mezani.