Hiyo Tairi Ilishinda Kwa Theluji, Wewe Uko Waiyaki Way

Wiki hii pekee nimeona video tatu za wasee wa Nairobi wakituambia tununue tairi fulani juu "imeshinda test Ulaya". Test gani, buda? Uliangalia ilifanyiwa wapi?

Test nyingi za tairi za winter hufanyiwa sehemu kama Ivalo, kaskazini mwa Finland. Wanapima gari linavyoshika breki na kupiga kona kwa theluji na barafu. Za summer wanazipima kivyake, kwa lami kavu na lami yenye maji. Hiyo ni mitihani miwili, na tairi inayoongoza darasa huku inaweza kushika mkia kule.

Sababu ni mpira wenyewe. Tairi ya winter imetengenezwa ibaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Sasa ipeleke Mombasa saa nane mchana, lami ikiwaka. Mpira unalegea, meno yanajipinda ukikanyaga breki, gari linasimama mita kadhaa mbele ya pale ulidhani litasimama. Hizo mita ndizo mtoto anavukia barabara. Halafu inaisha haraka kama sabuni.

Na usiniambie hiyo ni shida ya wazungu. Japani kuna theluji, na tairi za mtumba za ex-Japan zinauzwa hapa kila siku. Cuz yangu anaendesha teksi ya app. Alinunua nne, muuzaji akamshow "cheki meno, bado mapya". Meno kweli yalikuwa marefu. Ubavuni imeandikwa STUDLESS, na hakuna mtu alimwambia maana yake ni tairi ya barafu. Mvua ya kwanza, gari liliteleza roundabout likasimama likiangalia lilikotoka.

Najua mtasema tairi mpya ni bei. Ni ukweli, na sisemi usinunue mtumba. Nasema soma ubavu kabla utoe pesa. Ukiona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani, hiyo imepimwa kwa theluji, wacha. M+S peke yake isikutishe, hiyo mtengenezaji hujiandikia tu bila mtihani wa theluji. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakauka, hata kama meno yako sawa.

Kwa sisi content creators, tuache uvivu. Hata huko Ulaya mambo si safi vile mnadhani. Mwaka 2016 Nokian ya Finland ilikubali kuwa iliwahi kupelekea magazeti tairi za test zisizofanana na zile za dukani. ADAC ya Ujerumani hujinunulia zake dukani, na wewe unasoma matokeo ya mtu kwa simu unaita review. Ni nani kati yetu amewahi kushika breki Mai Mahiu mvua ikinyesha, akapima kwa tape measure, akatuonyesha?

Cuz bado yuko na zile studless. Anasema atabadilisha mwisho wa mwezi. Jana alinibeba, nikafunga mkanda kabla hata awashe gari.